Mashine Iliyokatazwa Kuwaka

Kompyuta ililia mlio mmoja mrefu wa kuudhi, ikanyamaza. Skrini ikabaki nyeusi tii.

"Huyu si mfu," alisema fundi. "Mfu halii."

Inspekta, aliyekuwa amesimama nyuma yake, hakucheka. Asubuhi ile hakuwa na hamu ya kusikia neno mfu kutoka kwenye kinywa cha mtu yeyote. Mkobani mwake mlikuwa na picha ya mama na binti yake wa miaka saba, waliotoweka nyumbani kwao tangu Jumamosi. Kituo cha mabasi hawakuonekana, hospitali hawakuonekana, na mochari, Mungu apishe mbali, hawakuonekana vilevile. Nguo zao zilikuwa bado zimetundikwa kabatini. Simu ya mama haipatikani. Kitu pekee kilichobaki cha kuulizwa kilikuwa sanduku hili jeusi ambalo mama yule, mchoraji wa ramani za majengo, alilitumia kufanyia kazi nyumbani. Nalo limegoma kuwaka.

Kazini walimwita mwanamke huyu Msumari, kwa sababu akishaingia kwenye jambo hatoki mpaka ang'olewe kwa koleo. Fundi naye mtaa mzima ulimwita Waya, na ukimwona alivyo mwembamba huna haja ya kuuliza kwa nini. Karakana yake ilikuwa vyumba viwili vilivyogawanywa na pazia. Mbele kulikuwa na kaunta na benchi la wateja. Nyuma kulikuwa na meza yake, taa ya kuinama, na mashine zilizofunguliwa matumbo kila pembe. Kwenye benchi la mbele alikaa mume wa mama aliyepotea.

"Fundi, na mimi niingie jamani," mume aliita kutoka upande wa pili wa pazia. "Hiyo ni mashine ya mke wangu."

"Mteja haingii huku, kaka. Kaa hapo hapo, kila kitu utakiona."

Inspekta alikuwa akihangaika na simu yake, na maneno hayo aliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Waya alibadilisha kebo ya umeme. Mashine ikalia vilevile. Akaichomeka kwenye soketi nyingine, iliyo nzima. Mlio ule ule. Akaguna, akachukua bisibisi, akafungua skrubu za nyuma na kuutoa mfuniko. Alichungulia ndani kwa muda, kisha akajikuna shingo.

"Afande, njoo uone mambo."

"Nimekuja."

"Hapa panakaa memori, vipande viwili. Havipo."

"Ndiyo nini hivyo?"

"Tuseme hivi. Faili za huyu mama ziko kwenye diski, hilo ndilo kabati. Memori ni meza. Mashine ikiamka inatafuta meza ya kufanyia kazi, haioni, basi inalia na kulala tena. Kabati lenyewe halina shida yoyote."

"Zimeibiwa?"

"Nani aibe memori aache mashine? Zimechomolewa. Tena na mtu mwenye mkono mzuri, vishikio vimefunguliwa pande zote mbili, hakuna kilichovunjika. Kisha akarudisha mfuniko na skrubu zote."

Inspekta aliinama chini ya taa. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa mfuniko, na kidole kikakwama. Rangi ilikuwa imekwanguliwa hapo, mikwaruzo mirefu, mingine imeingia hadi kwenye bati.

"Na hii?"

"Kisu," alisema Waya bila kusita. "Huyu hakujua hata kwamba skrubu ziko nyuma, alitaka kuifungua kama kopo. Na alikuja baadaye. Kabla sijafungua, unga wa rangi ulikuwa bado umekaa hapa kwenye ukingo. Mtu angeufungua mfuniko baada ya kisu, unga huo ungekuwa umeshamwagika."

"Kwa hiyo ni watu wawili."

"Wawili, afande. Mmoja alikuwa anajua, mwingine alikuwa na hasira."

Inspekta alisogeza pazia akatoka mbele.

Mume aliinuka upesi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, macho mekundu. Tangu Jumapili alikuwa anafika kituoni kabla hata kaunta haijafunguliwa, na alilia mpaka sajenti mmoja, mtu mgumu kama jiwe, akaenda kumtafutia maji ya kunywa. Tusimlaumu Inspekta kwa kumwonea huruma. Mwanamume anayelia hadharani kwa ajili ya mkewe ni nani asiyemwonea huruma?

"Imewaka, dada?"

"Bado. Hii mashine imeguswa na nani tangu waondoke?"

"Na mtu yeyote? Hakuna. Mimi niliibonyeza tu, ikakataa."

"Uliibonyeza lini?"

"Jumamosi asubuhi. Niliporudi kutoka kununua gazeti nikakuta hawapo."

"Mtu anarudi nyumbani, mke hayupo, mtoto hayupo, anakwenda kuwasha kompyuta?"

"Nilitaka kuona kama ameniachia hata neno, dada. Ungefanyaje wewe?"

"Mkeo anaweza kuifungua mwenyewe? Akatoa vitu vya ndani?"

"Yule?" Mume alicheka kidogo huku akifuta jicho. "Balbu ikiungua ananisubiri mimi. Dada, nimeshakwambia tangu Jumapili. Muulize yule meneja wake. Anampigia asubuhi, anampigia jioni, kazi gani hiyo isiyokwisha? Huyo alikuja kwangu akaiharibu mashine, ili mimi nisione walichokuwa wanaandikiana. Mwanangu yuko mikononi mwa mtu huyo, na ninyi mnaniuliza habari za balbu!"

Halikuwa jambo la kupuuzwa. Inspekta aliipiga namba ya meneja wa ofisi ya ramani pale pale na kuiweka simu kwenye spika, maana alitaka mtuhumiwa ajue kwamba hana pa kujificha. Meneja alipokea kwa sauti ya chini.

"Nauliza tena kama nilivyouliza jana," alisema Inspekta. "Mfanyakazi wako yuko wapi?"

"Nimeshajibu, afande. Sijui."

"Unajua kufungua kompyuta?"

"Mimi? Mimi hata printa ikigoma nilikuwa namwita yeye. Ofisi nzima tunamwita yeye." Kisha akashusha sauti zaidi. "Samahani, afande. Mumewe yupo hapo?"

"Yupo. Anasikia."

"Basi mimi sina la kusema."

Simu ikakatwa.

"Umemsikia?" mume alisema taratibu. "Umemsikia mwenyewe?"

Inspekta alikuwa amesikia. Alisikia mtu anayeogopa, na akaandika moyoni kwamba akitoka hapa atakwenda kumchukua yule meneja kwa pingu. Sentensi iliyotangulia, ile ya printa, ilipita sikioni mwake na kutua mahali fulani, lakini hakuigusa kwanza.

"Kaa," alimwambia mume. "Tunatoa faili."

Ndani, Waya alikuwa ameshaichomoa diski. Ilimchukua muda: skrubu zake zilikuwa upande wa pili wa sanduku, na ilibidi autoe ubavu mzima kuzifikia. Aliiunganisha kwa kebo kwenye mashine yake mwenyewe, kubwa, yenye feni inayovuma. Orodha ya makabrasha ikajitokeza. Ramani za maduka, ramani za zahanati, ngazi, vyoo, mapaa. Kazi tupu.

"Barua?" aliuliza Inspekta. "Ujumbe wa meneja?"

"Kuna wa kazi tu. 'Dirisha la mashariki liongezwe.' 'Mteja anataka varanda.'" Waya alisoma zaidi, akatikisa kichwa. "Kama haya ni mapenzi, afande, basi ni mapenzi ya saruji."

"Zilizofutwa je?"

"Hapo ndipo penyewe. Watu wakifuta wanadhani wamechoma moto. Wamefuta kibandiko tu, kitu chenyewe kipo mpaka kingine kikae juu yake." Aliianzisha programu yake. Mstari wa kijani ukaanza kusogea polepole upande wa kulia, na majina ya faili yakawa yanaibuka moja baada ya jingine.

Ya kwanza kufunguka ilikuwa picha.

Ilipigwa kwenye kioo cha bafuni. Uso haukuonekana, ila shingo ilionekana, na kwenye shingo alama za vidole, nne upande mmoja na moja upande wa pili. Picha ya pili ilikuwa mkono uliovimba. Ya tatu, mlango wa bafu uliopigwa teke mpaka ukapasuka, na chini yake, kwenye kona ya picha, ndala ndogo ya mtoto. Kila moja ilikuwa na tarehe. Zilianza miaka miwili nyuma.

Waya aliacha mzaha. "Ee Mola," alisema.

Ile sentensi ya printa sasa ilisimama mbele ya Inspekta na kudai kujibiwa. Mama ambaye ofisi nzima inamwita mashine zikigoma. Mume anayesema mke wake haigusi hata balbu. Mtu mwenye bisibisi, na mtu mwenye kisu.

Alisogea polepole kwenye pazia, akalifungua kidogo. Mume alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti. Hakuwa analia tena. Kichwa amekiinua, macho ameyaelekeza juu ya kichwa cha Inspekta, ukutani, juu ya pazia, ametulia mno. Alipomwona aliteremsha macho na kutabasamu kidogo.

"Bado tu, dada?"

"Bado."

"Msiharakishe. Mimi nipo."

Inspekta alirudi ndani, na hapa ndipo palipokuwa na uamuzi. Angeweza kumkamata pale pale. Lakini akimkamata atafunga mdomo, na kama amewaua na kuwafukia mahali, wakili atamkalisha kimya mpaka wote wazeeke. Akaona kwanza ajue kama wako hai. Pazia lilikuwa nyuma yake hatua chache tu, na mlango wa nje ulikuwa mmoja. Mtu huyo hakuwa na haraka. Alisema mwenyewe.

"Endelea," alinong'ona. "Chapuchapu. Iliyofunguliwa mwisho kabisa kabla ya mashine kuzimwa ni ipi?"

Waya alipanga upya orodha. "Hii hapa. Ramani. Imefutwa Jumamosi asubuhi."

Ilifunguka, na wote wawili wakainama. Mwanzoni Inspekta aliona mistari tu, kisha mistari ikawa chumba. Chumba kimoja, kidogo, kimepimwa ukuta kwa ukuta. Kitanda kikubwa kimechorwa upande huu, kitanda kidogo upande ule, na kati yao pazia la nukta nukta. Kulikuwa na jiko pembeni mwa mlango. Chini ya dirisha kulikuwa na meza ndogo na kiti kimoja, na kwa maandishi safi ya kazi: *meza ya masomo*.

"Huyu hakutekwa," Inspekta alisema, na sauti yake ilipasuka kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. "Huyu amehama! Waya, anayechora meza ya masomo ya mwanawe hajafa. Alipanga. Aliacha nguo ili mume asistuke mapema. Alifuta faili, lakini anajua kama unavyojua wewe kwamba kufuta hakutoshi, basi akachomoa memori, mashine isimwakie mtu mmoja tu, mumewe."

"Si angeondoka na diski?"

"Imekuchukua muda gani kuitoa?"

Waya alifikiri. "Memori zinatoka kwa vidole. Diski inataka utulie."

"Hakuwa na muda wa kutulia. Jumamosi mume hutoka kwenda kununua gazeti na kurudi. Mwenyewe ameniambia." Alisogeza uso karibu na skrini. "Na hicho kiboksi kwenye kona ya chini ni nini?"

"Wachoraji wote wanacho. Jina la kazi, vipimo, mahali jengo lilipo. Ramani bila hicho kiboksi kwao ni kama mtu hajavaa."

"Kuza hapo."

Waya alikuza. Kiboksi kilijaza skrini nzima, herufi kubwa kama za bango. Kwenye nafasi ya jina la kazi, mama yule aliandika: *Chumba chetu*. Na kwenye nafasi ya mahali, bila shaka bila hata kufikiri, mkono wake ukiandika kwa mazoea ya kazi ya miaka yote: *Ghorofa nyuma ya kiwanda cha mbao, ngazi ya pili, mlango wa mwisho.*

Inspekta aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha akafungua kamba ya pingu kiunoni, akavuta pumzi, akalifungua pazia lote kwa mkono mmoja.

Benchi lilikuwa tupu.

Mlango wa nje ulikuwa wazi na jua limeingia mpaka katikati ya sakafu. Alikimbia hadi barabarani. Pale gari la mume lilipoegeshwa palikuwa na doa la mafuta tu, na muuza magazeti wa kona akanyoosha mkono kuonyesha upande lilikokwenda kabla hata hajaulizwa. Inspekta aligeuka kurudi ndani, na alipogeuka ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kile kilichokuwa juu ya pazia, kimeelekea benchi. Skrini ya pili. Kubwa, safi, inawaka. Na ndani yake, kwa herufi za bango: ngazi ya pili, mlango wa mwisho.

"Waya!" Hakuitambua sauti yake. "Hii ni nini?"

Fundi alitokea kwenye pazia, akaangalia juu, na rangi ikamtoka usoni. "Ni... ni skrini ya mteja, afande. Kila ninachofungua kinaonekana na hapo. Watu walikuwa wananishtaki kwamba nawaibia picha zao. Nikasema basi, kila mtu aone mwenyewe. Nimezoea. Wallahi nimezoea tu, sikufikiria..."

"Tangu picha ya kwanza?"

"Tangu ya kwanza."

Basi alikuwa ameziona zote. Alikaa hapo, mikono juu ya magoti, akaziangalia shingo na mkono na mlango uliopasuka, akatabasamu na kusema msiharakishe, mimi nipo. Na aliyeamuru kona ile ikuzwe ni Inspekta mwenyewe. Alijiona mpumbavu, tena mpumbavu wa hatari, na hakuwa na nafasi hata ya kujitukana.

Alipiga simu kituo kilicho karibu na kiwanda cha mbao. Gari lao limetoka. Askari wa pikipiki yupo? Yupo, anavaa kofia. "Asivae! Aende hivyo hivyo!" Akampungia mkono dereva wa kwanza aliyepita, akamwonyesha kitambulisho, akaingia kiti cha mbele. Gari likiwa linaondoka alikuwa ameshaipiga namba nyingine. Ililia mara nyingi kabla ya kupokelewa.

"Afande," alisema meneja, kwa ubaridi, "nimeshakwambia sijui..."

"Unajua. Wewe ndiye uliyemtafutia chumba. Nisikilize, mumewe hayupo hapa tena. Ameiona anwani. Yuko njiani."

Kwenye simu ilisikika pumzi, halafu kitu kikianguka.

"Nilikuuliza kama yupo," meneja alisema, na sasa alikuwa karibu kulia. "Jana ulikuja naye ofisini kwangu, leo umeniweka kwenye spika mbele yake. Ningesema nini? Ningesemaje?"

"Utanilaumu baadaye, nami nitakubali. Huyo mama ana simu mpya?"

"Anayo."

"Niunganishe sasa hivi."

Gari lilikuwa limekwama nyuma ya lori la matofali. Inspekta alimpigia kelele dereva apande juu ya njia ya waenda kwa miguu, na dereva, masikini, akapanda. Mbali mbele, juu ya mapaa ya mabati, lilionekana bomba la kiwanda cha mbao na moshi wake mwembamba. Simu ililia, ikalia, ikapokelewa. Nyuma ya sauti kulikuwa na kishindo cha vyombo na watu wengi wakizungumza.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Dada, mimi ni polisi. Upo ndani ya kile chumba?"

"Nani amekupa..."

"Jibu kwanza, tafadhali! Upo chumbani?"

"Hapana. Nimepata kibarua leo, jikoni kwenye hoteli. Niko mbali. Kuna nini?"

Inspekta alifumba macho. "Ahsante Mungu. Usirudi huko. Kaa hapo hapo ulipo, kaa katikati ya watu. Mumeo amejua mnapoishi, anakwenda sasa hivi. Umenielewa? Wewe na mtoto msitoke hapo mpaka nifike."

Vyombo viliendelea kugongana. Mtu fulani alimwita yule mwanamke kwa mbali, naye hakuitika.

"Dada? Mtoto si unaye?"

"Hajapata shule bado," sauti ilisema, na haikuwa tulivu tena. "Nimemwacha chumbani. Amejifungia kwa ndani. Nimemwambia asimfungulie mtu asiyemjua."